Usirekebishe mashine kila baada ya kipande

Ndugu, nimekuelewa: bushi zenu (vipande vya mviringo vyenye tundu katikati) zinatakiwa kipenyo cha nje cha milimita 25, fundi anapima kila moja, ikizidi kidogo anasogeza kisu cha mashine ya kukerezea ndani, ikipungua anakirudisha, na bado zinazokataliwa zinaongezeka. Inaumiza, maana anajitahidi kweli.

Huenda tatizo ni hayo marekebisho yenyewe. Kila mashine ina kuyumba kwake kwa kawaida. Ukijaribu kufukuza kuyumba huko kipande kwa kipande, unazidisha kuyumba. Mimi nilifanya kosa hilo miezi mingi.

Anza na kipimo. Mpe fundi bushi ileile aipime mara 10, kisha mwenzake naye. Majibu yakitofautiana sana, kasoro iko kwenye maikromita (kifaa cha kupimia kipenyo) au namna ya kuishika.

Kipimo kikiwa sawa, kerezeni bila kugusa kitu, mkipima vipande 5 vinavyofuatana kila nusu saa hadi mpate mafungu 20 au 25. Wastani na mtawanyiko (tofauti ya kipimo kikubwa na kidogo) wa kila fungu uchore kwenye chati ya udhibiti, yaani mchoro wa nukta wenye mpaka wa juu na wa chini, ile aliyoibuni mtaalamu wa takwimu wa Marekani Walter Shewhart mwaka 1924. Mipaka yake hukokotolewa kutoka kwenye data zenu, si kutoka kwenye vipimo vinavyoruhusiwa katika mchoro wa bidhaa. Hapo wengi hukosea. Gusa mashine nukta ikitoka nje ya mipaka, au zikipanda mfululizo, ambapo mara nyingi kisu kinaisha.

Katika jaribio hilo pimeni kila bushi kabla ya kuipeleka kwa mteja, na mbovu zitengwe. Kama zinaingia kwenye breki au usukani, mhusishe mhandisi wa ubora kabla hujaanza.