Askofu wetu ana kesi ya fedha: je, ubatizo wangu na sadaka zangu zimepotea?

SWALI: Bwana asifiwe, Mwalimu. Askofu aliyenibatiza na kutufungisha ndoa anashtakiwa kwamba mchango wa ujenzi ameutumia kununua nyumba na magari. Mitandaoni watu wanamcheka yeye, na sisi waumini wake wanatucheka pia. Kanisani tumegawanyika: wengine wanasema tusimguse mtiwa mafuta wa Bwana, wengine wameshahama. Mwanangu, kijana mkubwa, amekataa kabisa kuja ibadani. Je, ubatizo wangu na ndoa yangu ni halali? Sadaka zangu zimekwenda bure? Niendelee kutoa? Na ahadi yangu ya ujenzi ambayo sijaimaliza nifanyeje?

JIBU: Amina, dada yangu. Nianze na lililo jepesi kujibu ingawa ndilo linalokuumiza zaidi. Ubatizo wako ni halali.

Kanisa lililijibu swali hili zamani sana. Mateso ya Kaisari Diocletian yalipoanza mwaka 303, baadhi ya viongozi waliyakabidhi Maandiko yachomwe moto ili wao wapone. Baadaye Wadonati, kundi la Wakristo waliojitenga huko Afrika Kaskazini, wakadai kwamba askofu msaliti hawezi kumweka wakfu mtu mwingine, kwa hiyo kila alichokitenda ni batili. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Arles wa mwaka 314 ulikataa hoja hiyo, ila ukaamua mambo mawili kwa pamoja: aliyesaliti aondolewe katika huduma, na wale aliowaweka wakfu, kama wenyewe wanafaa, wabaki. Tena ukataka usaliti uthibitishwe kwa kumbukumbu za kiserikali, si kwa maneno matupu. Askofu Agustino wa Hippo alipokabiliana na Wadonati baadaye alisema kwamba abatize Petro au abatize Yuda, anayebatiza ni Kristo. Makala ya 26 ya imani ya Waanglikana inafundisha vivyo hivyo, na mwishoni inaagiza kwamba mtumishi mwovu achunguzwe na, akipatikana na hatia, aondolewe. Viongozi wengi hupenda kuisoma ile sehemu ya mwanzo na kuiruka hiyo ya mwisho.

Ndoa nayo mlifunga ninyi wawili kwa ahadi zenu mbele za Mungu na mashahidi. Jambo moja tu la kukagua: kama cheti kilisajiliwa serikalini. Ofisi ya kanisa iliyovuruga fedha inaweza kuwa imevuruga na karatasi.

Sasa hilo la mtiwa mafuta. Msemo huu umetoka Zaburi 105:15, lakini rudi nyuma mstari mmoja uone anayekemewa ni nani: ni wafalme, wenye nguvu, wasiwaonee mababa waliokuwa wageni wachache katika nchi za watu. Zaburi hiyo inamlinda mnyonge, nasi tumeigeuza ukuta wa kumficha mwenye nguvu. Wengine watakutajia Daudi aliyekataa kumwua Sauli. Ni kweli, hakumwua. Lakini katika sura hiyohiyo, 1 Samweli 24, alitoka pangoni akamwita mfalme kwa sauti mbele ya askari wake, akamweleza kosa lake na kumwonyesha kipande cha vazi alichokikata kiwe ushahidi. Na Daudi mwenyewe alipofanya dhambi akiwa mfalme mtiwa mafuta, nabii Nathani alimwambia, “Wewe ndiwe mtu huyo.” Paulo alimpinga Petro ana kwa ana mbele ya watu wote (Wagalatia 2:11-14). Kutomgusa ni kutomdhuru. Kumuuliza mtumishi fedha ziko wapi si kumdhuru.

Hata hivyo kipimo cha ushahidi kipo, na kinamlinda yeye pia. Paulo anamwagiza Timotheo asipokee mashtaka juu ya mzee wa kanisa ila kwa mashahidi wawili au watatu. Kisha, mstari unaofuata, wadumuo katika dhambi wakemewe mbele ya wote (1 Timotheo 5:19-20). Kwa sasa una mashtaka, bado hujawa na hukumu. Usisambaze picha ya nyumba kwa sababu tu ni kubwa. Mtumishi kuwa na mali si ushahidi wa wizi. Wako waliorithi, wako wenye biashara, na mtenda kazi anastahili ujira wake. Kinachoulizwa ni kama mali hiyo ina chanzo kinachoweza kuelezwa, na kama maelezo hayo yako kwenye karatasi ambayo mtu asiye ndugu yake ameiona.

Kuhusu wanaowacheka: wengine wana chuki, lakini si wao waliolivunjia heshima jina la Mungu. Warumi 2:24 inasema jina hilo linatukanwa kati ya mataifa kwa ajili ya wale waliofundisha sheria na kuivunja. Lawama inaanzia kwa mhubiri. Wala kelele za umma si adui wa Kanisa kila mara. Huko Limburg, Ujerumani, gharama za makazi na ofisi za askofu Tebartz-van Elst zilipanda hadi zaidi ya euro milioni 31 huku taratibu za usimamizi wa fedha za jimbo zikikiukwa. Waandishi wa habari na waumini walipiga kelele. Oktoba 2013 Papa alimtaka akae nje ya jimbo, na Machi 2014 kujiuzulu kwake kukakubaliwa. Bila kelele hizo, sidhani kama kamati yoyote ya ndani ingefika pale.

Sadaka zako hazikwenda bure. Soma Luka 20:47 hadi 21:6 bila kusimama, kwa sababu mgawanyo wa sura umetuharibia habari hii. Yesu anawashutumu waandishi wanaokula nyumba za wajane. Mara anamwona mjane akitia senti zake mbili katika sanduku la hazina la hekalu lilelile. Kisha anatangaza kwamba hekalu litabomolewa. Alijua vizuri watu wa namna gani walikuwa na sauti humo ndani. Bado alisema mjane yule ametia zaidi ya wote. Utoaji wake ulipokelewa mbinguni, na wapokeaji hawakusafishwa nao. Lakini tusiigeuze habari hii kuwa ruhusa ya kuendelea kutia fedha mahali unapojua zinaibwa. Mjane alitoa kwa moyo mweupe. Wewe sasa una habari ambayo jana hukuwa nayo, nayo imekuletea wajibu.

Hapa ndipo waumini wengi hukosea. Wanabaki na swali la kama askofu ni mtu mwema au mbaya, wakati Biblia ikizungumza juu ya fedha huuliza ni nani mwingine amezihesabu. Angalia Ezra 8. Ezra alikuwa na makuhani anaowaamini kwa safari ya kwenda Yerusalemu. Hata hivyo aliwapimia fedha, dhahabu na vyombo kwa mizani: talanta 650 za fedha, talanta 100 za dhahabu. Walipofika, vyote vilipimwa tena na uzito ukaandikwa. Katika 2 Wafalme 12, michango ya kukarabati hekalu iliingia mikononi mwa makuhani, na hadi mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi ukarabati ulikuwa haujafanyika. Kuhani Yehoyada akatoboa tundu katika kifuniko cha sanduku, akaliweka karibu na madhabahu, na kila lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu fedha pamoja. Watu wawili, kutoka ofisi mbili tofauti. (Atakayekusomea mstari wa 15, kwamba mafundi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu, mwonyeshe kwamba fedha zilikuwa zimeshahesabiwa na wawili kabla ya kuwafikia.) Paulo naye alipobeba mchango wa kwenda Yerusalemu alifuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, asije akalaumiwa (2 Wakorintho 8:18-21). Na mwaka 451 Mtaguso wa Kalkedonia, katika kanuni ya 26, uliagiza kila kanisa lenye askofu liwe na msimamizi wa mali, ili mali isisimamiwe bila shahidi.

Sasa linganisha na kwenu. Sadaka ihesabiwe siku ileile na watu watatu wasio na undugu, waandike jumla na kutia sahihi, na iende benki nzima nzima kabla ya kutumika hata kidogo. Inapoanza kutolewa “ya mafuta ya gari” juu ya meza ya kuhesabia, hesabu imekufa, kwa kuwa kilichofika benki hakitalingana tena na kilichoandikwa. Malipo yaidhinishwe na sahihi zaidi ya moja, na mchungaji asiwe mmoja wa watiaji sahihi. Mchango wa ujenzi uwe na akaunti yake. Mshahara wa kiongozi upangwe na watu ambao hakuwateua yeye. Kila mwaka mkaguzi wa nje apitie vitabu, na taarifa ya mapato na matumizi wapewe waumini kwa maandishi. Kuonyeshwa ukutani kwa dakika mbili baada ya ibada, hilo halitoshi.

Penye uozo utakuta mambo yanayojirudia. Bodi ya wadhamini ni mke, shemeji na rafiki wa utotoni. Hati ya kiwanja ina jina la mtu badala ya jina la kanisa. Kanisa linapanga jengo la kampuni ya mchungaji. Sadaka inatumwa kwenye simu yake binafsi. Na lile linalopita bila kuonekana kuliko yote: fedha za mfuko mmoja “zinaazimwa” kwa jambo jingine la kiroho. Mwaka 2015 mahakama ya Singapore iliwatia hatiani viongozi sita wa kanisa la City Harvest, akiwemo mwanzilishi Kong Hee. Takriban dola za Singapore milioni 24 za mfuko wa ujenzi zilipitishwa katika hati fungani (hati za mkopo) bandia kugharimia muziki wa mkewe, kisha milioni 26 nyingine zikazungushwa kufunika pengo hilo. Walijitetea kwamba muziki ule ulikuwa njia ya kueneza Injili, na mahakama ya rufaa, ilipopunguza vifungo, ilizingatia kwamba hawakujitajirisha. Hatia ilibaki. Fedha iliyoombwa kwa ajili ya ujenzi ni ya ujenzi. Nia njema haiihamishi.

Kisa cha Jim Bakker, mhubiri wa televisheni huko Marekani, kinafundisha jambo jingine. Aliwauzia watazamaji wa televisheni ushirika wa maisha, kuanzia dola 1,000, uliowapa kulala bure siku tatu kila mwaka katika hoteli za Heritage USA, kituo chake cha mapumziko cha Kikristo. Uliouzwa ulizidi kwa mbali vyumba vilivyokuwepo. Mtu yeyote mwenye idadi ya vyumba na idadi ya wanachama angeigundua hila hiyo kwa hesabu ya kugawanya, lakini hizo namba mbili hazikuwekwa mezani mbele ya watoaji. Mwaka 1989 alitiwa hatiani kwa makosa yote 24 akahukumiwa miaka 45, adhabu iliyopunguzwa baadaye. Kwa hiyo mkiulizia ujenzi, msiombe “maelezo”. Ombeni namba mbili: jumla iliyochangwa na jumla iliyolipwa kwa fundi, pamoja na stakabadhi.

Andikeni barua, mkiwa angalau watatu, kwa wazee wa kanisa au ofisi iliyo juu ya askofu kama ipo. Katiba ya kanisa mwisome kwanza mjue mna haki gani ya kuona hesabu. Taja tarehe mnayotarajia jibu. Mwezi mmoja unatosha kabisa. Msiijaze barua hasira wala mafumbo ya Maandiko. Mkijibiwa kwa vitisho au kwa laana ya madhabahuni, hilo nalo ni jibu. Kwa kuwa kesi imeshafikishwa kwenye vyombo vya dola, mwenye ushahidi apeleke huko. Wengine watawatisha kwa 1 Wakorintho 6, inayowakemea waumini wanaoshtakiana mahakamani, lakini Paulo pale anazungumzia madai ya ndugu kwa ndugu. Jinai ni kazi ya mamlaka ya nchi (Warumi 13:4). Na ikitokea kashfa ikahusu kuguswa kwa mtoto, msianze na kikao chochote. Polisi kwanza.

Askofu akija kuomba msamaha kwa machozi, msameheni, ila msichanganye msamaha na kiti. Zakayo alitaja atakachorudisha: mara nne. Toba ya namna hii inalitaja kosa kwa jina lake, inarudisha fedha, inakabidhi vitabu na funguo, na haijipangii yenyewe tarehe ya kurudi madhabahuni. Pia kiongozi anatakiwa kushuhudiwa mema na walio nje (1 Timotheo 3:7), yaani pamoja na hao wanaowacheka leo.

Kwa mwanao, usimtetee askofu hata kidogo. Akisema watu hawa ni wanafiki, mwambie Yesu alilisema hilo kabla yake, kwa maneno makali kuliko yake, na akusomee Mathayo 23 yote kwa sauti. Mwachie nafasi ya kusali mahali pengine kwa muda. Kijana akilazimishwa kukaa mbele ya mtu asiyemheshimu, ataunganisha chuki hiyo na Injili yenyewe.

Utoaji usiuache, ila uhamishe. Mpaka hesabu zionekane, fungu lako lipeleke kwa wajane, wagonjwa na yatima unaowafahamu, au kwa kanisa linaloonyesha vitabu vyake. Ahadi ya ujenzi ni nadhiri uliyomwekea Mungu, na Mhubiri 5:4 inataka itimizwe. Lakini hukuiweka kwa akaunti ya mtu. Kiasi kilichobaki kitenge pembeni. Hesabu zikisafishwa na uongozi ukibadilika, kamilisha hapohapo, ikiwezekana kwa kulipia saruji au mabati moja kwa moja dukani na kukabidhi risiti. Mwaka ukipita bila jibu, kilipe kwenye ujenzi wa kanisa jingine linalouhitaji, na uwaandikie wazee kwamba ahadi yako umeimaliza huko na sababu ni ipi.