Kwa hiyo nilikuwa nakanda nini?

Miezi miwili nilitembea na karatasi ya daktari kwenye mfuko wa koti. Saratani ya tezi dume, imeshaingia kwenye mifupa. Nyumbani nilisema ni mgongo tu, na mama watoto akawa ananikanda kwa maji ya moto kila jioni, akinigombeza niache kubeba ndoo. Aliikuta siku ya kufua. Hakulia. Alikaa kwenye kigoda pale uani, akaniuliza: "Kwa hiyo nilikuwa nakanda nini?"

Swali lile liliniuma kuliko mgongo. Wewe uliyepewa majibu ya namna hiyo, usichukue miezi miwili. Mwambie mmoja kwanza, yule anayekuoshea vyombo vyako na kujua unavyolala. Kwa watoto atakusaidia yeye. Wangu humsikiliza mama yao kuliko mimi, hilo nalikubali.

Tuliwaita Jumamosi. Wa Dar es Salaam alipanda treni ya SGR asubuhi, mchana tukala wote. Nikawaambia kama nilivyoambiwa: ugonjwa hautapona, ila kuna sindano ya kila miezi mitatu ya kuupunguza kasi. Kitinda mimba akauliza, "Baba, utakufa lini?" Wakubwa wakamkemea. Nikasema mwacheni. Nikamjibu sijui, lakini uwele wa mwaka huu tutaupanda pamoja. Desemba mvua iliponyesha tulipanda, mimi kwenye kiti, yeye na jembe. Habari ya shamba la zabibu nayo niliimaliza mapema, kwa wosia wa maandishi mbele ya mashahidi, maana ndugu zangu nawajua.

Sasa imani. Mimi ni Mwanglikana wa kuzaliwa, na waombaji hawakukosekana nyumbani. Mmoja akaniambia kunywa mofini, ile dawa ya maumivu makali, ni kumkosea Mungu imani. Nikaiacha siku tatu. Usiku wa tatu sikuweza kujigeuza kitandani, na Baba Yetu ilinishinda kuimaliza. Nilifika "utupe leo" nikabaki nauma shuka. Kulipokucha mama watoto akamwita mchungaji wetu. Mzee yule aliishika chupa, akaiombea, kisha akanipimia kipimo kwa mkono wake mwenyewe.

Tangu hapo sijaiacha. Yangu ni ya maji, nainywa kila baada ya saa nne, maumivu yawepo yasiwepo. Ukisubiri yakukamate, kuyashusha ni kazi. Inafunga choo vibaya, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha choo siku ileile unapoianza, papai peke yake halitoshi. Wengi hudhani ukipewa mofini umeshaandikiwa kifo. Mimi ndiyo iliyonirudisha kanisani kwa miguu yangu. Na kama saratani yako imeingia kwenye uti wa mgongo kama yangu, siku utakayohisi miguu inalegea au inakufa ganzi usingoje kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Chakula ni kile kile cha kwetu Ugogoni, Dodoma: ugali wa uwele na mlenda, unateleza hata siku ambayo hamu haipo.

Uwele wetu umeshatoa masuke. Kitinda mimba akirudi shule anachukua kombeo kufukuza kwelea kwelea, nami nampigia kelele kutoka kwenye kiti: kushoto, mwanangu, kushoto!