Injini inaweza kuwa nzima na ndege bado ikaanguka

Kuhusu ndege ndogo iliyoanguka jana ikijiandaa kutua, swali ni kama injini ilizimika. Hapana, si lazima injini iwe imezimika. Kwa ndege ndogo, pabaya hasa ni kona ya mwisho kabla ya kunyooka na njia ya kutua. Rubani akishapita mstari wa njia ya kutua, hukaza kona: analaza ndege zaidi, anakanyaga pedali ya usukani wa mkia, kisha anavuta pua juu. Hapo bawa la ndani hupoteza mnyanyuko kwanza na ndege hujipindua kama jani. Mwalimu wangu wa urubani alilirudia hili hadi likakera: ukilaza ndege nyuzi 60 bila kushuka, uzito unaobebwa na mabawa unakuwa maradufu, na kasi ya chini ya kuelea inapanda kwa takriban asilimia 41. Kama kikomo hicho kilikuwa noti 50 (kama kilomita 93 kwa saa), sasa ni 70, kasi ileile uliyo nayo ukijiandaa kutua. Kwa urefu wa mita 150 hivi, hakuna nafasi ya kujikwamua.

Ila kuishiwa mafuta au barafu kwenye kabureta (kifaa kinachochanganya mafuta na hewa ya injini) pia huua hapohapo, kwa hiyo kwa hii ya jana tuwaachie wachunguzi.