Kama katiba ilifuatwa, kelele za nini?

Mafinga

Mwanangu, kamwene.

Umeniuliza: ikiwa Jaji Mkuu wa Ghana, Gertrude Torkornoo, aliondolewa kwa kufuata katiba ya nchi yake, mawakili wanalalamika nini? Swali hilo haliishi kwenye simu, ndiyo maana nakuandikia.

Rais John Mahama alimsimamisha Aprili 22, 2025, baada ya kupelekewa maombi ya kutaka aondolewe. Kamati ya watu watano, majaji wawili na watatu wasio wanasheria, ikasikiliza shauri faraghani. Septemba 1 akafutwa kazi. Kosa lililotajwa zaidi ni fedha za umma kugharimia mumewe na binti yake kwenye safari zake za mapumziko za mwaka 2023, mojawapo ya kuja hapa hapa Tanzania. Yeye alijitetea kwamba taratibu za Mahakama zilimruhusu.

Sina huruma na jaji anayechezea fedha za Mahakama. Kama ni kweli, aende. Na Rais, akishapewa ushauri wa kamati, katiba yao haimwachii hiari: ikisema aondolewe, lazima amwondoe.

Lakini tazama kalenda. Torkornoo aliteuliwa mwaka 2023 na Rais aliyetangulia, wa chama pinzani. Mahama aliapishwa Januari 2025, na Aprili mama huyo yuko nje ya ofisi. Mashahidi wakahojiwa milango imefungwa, kwa sababu katiba inataka hivyo. Mwananchi atajuaje kama alihukumiwa kwa safari au kwa aliyemteua? Mimi sijui, na kutojua huko ndiko kunakoniuma.

Unakumbuka nilivyokuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Kuna mjane alimshtaki mfanyabiashara wa mbao aliyevuna paina zake zote na kumlipa nusu ya bei. Mdaiwa alikuwa mtu wa kukaa meza moja na wakubwa. Hakimu alisikiliza, wazee wa baraza wakatoa maoni yao, mjane akashinda. Haukupita muda hakimu akapata barua ya uhamisho, mbali sana. Barua haikutaja kesi, na uhamisho ni jambo la kawaida kazini. Utaratibu ulifuatwa! Ila mimi ndiye niliyekuwa nabeba majalada, nikaona kilichofuata. Aliyekuja baada yake, kila jalada lenye jina zito aliliahirisha. Leo shahidi hayupo, kesho anaumwa, keshokutwa tarehe nyingine. Watu wakitoka vijijini na nauli ya kukopa, wanarudi na tarehe. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Alishaona yaliyompata mwenzake.

Hapo ndipo lilipo jibu langu. Jaji mkubwa akianguka, usimwangalie yeye peke yake, waangalie wanaobaki. Agosti ile, kamati ikiwa bado kazini, mawakili wa Jumuiya ya Madola na wa Uingereza walitaka arudishwe ofisini. Nawaelewa, maana miezi minne ya kusimamishwa ni mirefu, na majaji wote wa Accra walikuwa wanaitazama.

Usidhani nawasema Waghana tu. Katiba yetu, ibara ya 107B, inasema mahakama zote zitakuwa huru. Ibara ya 110A inampa Rais kazi ya kuunda Tume ya kumchunguza jaji wa Mahakama Kuu, na anaweza kumsimamisha wakati huo. Ila ina kipengele ninachokipenda: mwenyekiti na angalau nusu ya wajumbe wengine lazima wawe majaji, au waliopata kuwa majaji, wa nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola. Yaani jaji anaweza kupimwa na mtu wa Zambia au Kenya, asiye na cha kuogopa Dodoma. Kwa Ghana wapimaji watatu kati ya watano hawakuwa wanasheria kabisa.

Ningeongeza moja tu: jaji mwenyewe akiomba shauri lake lisikilizwe hadharani, akubaliwe. Isome ibara hiyo, uniambie kama wewe ungeiandika vingine.

Mama yako