Mume wangu aliuawa, kesi bado: nisubiri hukumu?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mume wangu alichomwa kisu hapa Leicester miezi 14 iliyopita. Polisi hawajamkamata mtu. Nina watoto wawili, wa miaka 4 na 7. Nasikia serikali hulipa, ila jirani kasema nisubiri hukumu.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Usisubiri! Mfuko wa fidia wa serikali ya Uingereza hauhitaji mtu ahukumiwe, wala akamatwe. Kinachotakiwa ni polisi wawe na taarifa. Maombi hupelekwa ndani ya miaka 2 tangu tukio, kwa hiyo umebakiwa na miezi 10.

Kifuta machozi ni pauni 11,000 kwa mfiwa mmoja; mkiwa zaidi, kila mmoja 5,500. Watoto nao ni wafiwa, waandike. Tena kila mtoto ana pauni 2,000 kwa mwaka za malezi ya baba aliyeondoka, mpaka atimize 18. Hili wengi hawaambiwi, linaniuma. Gharama za mazishi ziombe pia. Zile risiti ulizozikunja kwenye mkoba zitoe, zinyooshe.

Kuomba ni bure. Anayetaka asilimia yake akujazie fomu, mkatalie. Cheti cha ndoa kiko wapi? Anza nacho leo.