Tashibiha au sitiari?

SWALI: Mwanangu wa kidato cha tatu aliandika kuwa "abiria wa daladala ni dagaa" ni tashibiha, akakosa alama. Kwa nini? – Mama wa Temeke

JIBU: Mama, hiyo ni sitiari. Tashibiha hudai neno la kulinganisha: kama, mithili ya, mfano wa. "Abiria wamebanana kama dagaa" ndiyo tashibiha. Ukiondoa "kama" na kuweka "ni", abiria wenyewe wanageuka dagaa. Ila asikimbilie kila "kama"! "Kama mvua itanyesha, Jangwani hapapitiki" ni sharti tu, na hapo wengi huteleza. "Daladala inanung'unika mlimani" ni tashihisi: kitu kisicho na uhai kimepewa tabia ya mtu. Kwenye mtihani ataje tamathali ya usemi iliyotumika, anukuu mstari, aeleze kinachofanana: kwa abiria na dagaa, msongamano. Akiishia kwenye jina, hajajibu.