Kabla hujanunua orodha ya anwani za wadukuzi, kusanya taarifa za ndani ya ofisi kwanza

Mkuu, nimesoma swali lako. Bosi anataka muanze kukusanya taarifa za vitisho vya mtandao kwenye taasisi yenu ya mikopo, IT mko wawili tu, na kuna kampuni imeleta bei ya kuwauzia orodha ya anwani za IP (namba zinazotambulisha kompyuta mtandaoni) za wadukuzi kwa mwaka mzima. Unauliza mlipie au msilipie. Nimefanya kazi hii kwenye taasisi za fedha kwa miaka kadhaa, na jibu langu ni msilipie sasa hivi.

Anwani ya IP mhalifu anaibadilisha kwa dakika chache. Mwaka 2013 mtaalamu wa usalama wa mtandao David Bianco alichora piramidi inayoonyesha jambo hili vizuri sana: chini kabisa kuna alama za mafaili mabaya na anwani za IP, juu kabisa kuna mbinu. Ukimzibia anwani anahamia nyingine na kazi yake inaendelea. Ukiijua mbinu yake ukaiziba, inabidi ajifunze upya, na hapo ndipo anapoumia. Sehemu kubwa ya orodha za kuuzwa ni vitu vya chini ya piramidi. Tena anwani moja inaweza kuhudumia tovuti nyingi za watu wasio na hatia, kwa hiyo ukiimwaga orodha yote kwenye faiwoli (kizuizi cha mawasiliano kati ya ofisi na intaneti), utaanza kupigiwa simu na matawi yako mwenyewe kwamba huduma hazifunguki.

Kaa na bosi kwanza umuulize anaogopa nini hasa. Kwa taasisi kama yenu nategemea atataja pesa kutoka kwa njia ya ulaghai, taarifa za wakopaji kuvuja, na mfumo kulala mwisho wa mwezi. Yaandike. Taarifa yoyote isiyogusa mojawapo ya hayo, achana nayo kwa sasa.

Halafu geukia watu wenu. Hapa nasisitiza kwa sababu wengi wanaparuka. Mahali fulani nilipofanya kazi, mhasibu alipokea barua pepe ya msambazaji tuliyemzoea, ikisema akaunti ya benki imebadilika. Jina la kikoa, yaani sehemu inayofuata alama ya @, lilizidi herufi moja tu. Yule dada hakulipa. Alimpigia msambazaji kwa namba ya siku zote, kisha akatuletea ile barua. Tukakitafuta kikoa hicho kwenye logi (kumbukumbu za matukio) za seva ya barua pepe, tukakuta matawi mengine nayo yameandikiwa, na mmoja wa wahasibu huko alikuwa tayari anaandaa malipo. Tukayasimamisha. Tukazuia kikoa kile, tukampa taarifa msambazaji kwamba kuna anayesoma mawasiliano yake, na tukaweka utaratibu kwamba akaunti ya malipo haibadilishwi bila kupiga simu kwa namba iliyo kwenye faili la zamani. Utaratibu huo ndio ulioziba mbinu. Na chanzo cha yote hayo ni mtu aliyejua akileta jambo kwetu atashukuriwa. Ofisi ambayo mfanyakazi akisema "nimebonyeza linki" anaandikiwa barua ya onyo, haitapata taarifa hizi kamwe.

Wengine muhimu ni wa huduma kwa wateja. Wateja wakianza kuuliza kuhusu ujumbe wa aina ya "ile hela tuma kwenye namba hii" wenye jina la taasisi yenu, au mteja akisema laini yake imezima ghafla na baadaye akakuta salio limepungua, hiyo ni taarifa ya kitisho, na inawahusu nyinyi moja kwa moja. Wapeni namba moja ya kuripoti.

Kwenye mitambo: kusanya logi za VPN (njia ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje), faiwoli, DNS (mfumo unaotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za IP), barua pepe na antivirusi sehemu moja. Hakikisha saa zinalingana. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, ile saa ya kimataifa, kwa hiyo tukio la saa 5 usiku, kwenye seva iliyowekwa UTC litaonekana la saa 2 usiku, na utamshuku mtu aliyekuwa kazini kihalali.

Pia muwe na rejista ya mashine na programu zenu. Kiraka (sasisho la kuziba hitilafu) cha Windows kinachohusika na WannaCry, virusi vilivyofunga mafaili na kudai fidia, kilitoka Machi 14, 2017, na virusi vyenyewe vikasambaa Mei 12. Taarifa ilikuwepo wazi karibu miezi miwili. Desemba 2021 ilipotangazwa hitilafu ya Log4j, kipande cha programu kilichomo ndani ya programu nyingine nyingi, swali gumu maofisini lilikuwa "sisi tunayo wapi?" Bila rejista, onyo hata liwe zuri kiasi gani haliwezi kukusaidia.

Za nje za bure zipo za kutosha kuanzia. CISA, wakala wa serikali ya Marekani wa usalama wa mtandao, ina orodha ya hitilafu ambazo tayari zinatumiwa na wahalifu. Ilinganishe na rejista yenu kila wiki. TZ-CERT, timu ya taifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao iliyo chini ya TCRA, hutoa tahadhari, na wenzetu wa Kenya wana ya kwao, KE-CIRT. MISP ni programu ya bure na nzuri ya kubadilishana taarifa, lakini inataka mtu wa kuihudumia, kwa hiyo kwa watu wawili ningeanza na jedwali la Excel: tarehe, chanzo, kilichoonekana, tunakiamini kiasi gani, nani kaambiwa, kimefanyika nini. Safu ya mwisho ikibaki tupu mara kwa mara, mnakusanya msichokitumia.

Mkishirikiana na taasisi nyingine, na ninashauri sana mfanye hivyo, toeni vikoa, namba za walaghai na mbinu. Majina na mikopo ya wateja yabaki ndani. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hapa Tanzania.

Kuhusu ile kampuni: iombe majaribio ya mwezi mmoja bila malipo. Pitisha orodha yao kwenye logi zenu, uhesabu ni mara ngapi imewaonyesha jambo la kweli ambalo jedwali lenu halikuwa nalo. Hesabu hiyo mpelekee bosi pamoja na bei.